Kusema si kujitakia

Andika leo kwenye Facebook kwamba barabara ya kwenda Katuba imeoza, kwamba meya amelala, au kwamba Mazembe haina mshambuliaji msimu huu. Subiri kidogo, kisha soma majibu. Wachache watazungumzia barabara. Wengi watakuuliza: "We uko wa wapi?" Hapa Lubumbashi swali hilo, likiulizwa kwa namna hiyo, si la kufahamiana. Baada yake linakuja jina la baba yako, kabila lake na kijiji alikotoka. Halafu picha ya mke wako iliyochukuliwa kwenye ukurasa wake, halafu jina la mtaa unaokaa. Usiku, kwenye WhatsApp, inaingia odio ya mtu usiyemjua, anakuambia kwa utulivu kabisa kwamba utapatikana.

Asubuhi marafiki wanakuja na pole zao, na ndani ya pole mna lawama. Umejitakia, wanasema. Ungenyamaza. Mwenye nguvu mpishe. Sisi tunasema hapana. Aliyetoa maoni kuhusu barabara hakujitakia kitu isipokuwa barabara.

Tutenge kwanza mambo mawili, maana wakubwa wetu hupenda kuyachanganya. Mwanasiasa akiambiwa kwamba kazi imemshinda, kwamba ahadi zake ni hewa, kwamba hotuba yake ilikuwa ya kipuuzi, huo si unyanyasaji. Ni sehemu ya kazi aliyoiomba mwenyewe, tena kwa kubembeleza. Mashabiki wa Mazembe na wa Lupopo wakirushiana kejeli wiki nzima kabla ya derby, huo ni utamu wa mji huu na tungesikitika ukipotea. Unyanyasaji unaanza pale hoja inapoachwa kando na mtu mwenyewe akaanza kuwindwa: jina lake, mwili wake, watoto wake, ukoo wake, mlango wake. Kwa kawaida wawindaji ni wengi na anayewindwa ni mmoja. Na si wote wanaofanya hivyo kwa hasira zao wenyewe. Anayefuatilia siasa zetu anajua kwamba wapo vijana wanaonunuliwa bando ili wamshambulie fulani kwa niaba ya fulani, na hakuna kambi inayoweza kusema kwamba mikono yake ni safi.

Wanaosema kwamba maneno ya kwenye simu ni maneno tu, waulizwe wamekaa Katanga tangu lini. Mwaka 1991, jimbo likiwa bado linaitwa Shaba, Gabriel Kyungu wa Kumwanza alikuwa gavana, na chama cha UFERI cha kwake na Nguz Karl-i-Bond ndicho kilichotamba mitaani. Watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa hapa hapa na baba zao walichimba shaba ya Gécamines, walianza kuitwa "bilulu", wadudu. Neno lilisemwa mikutanoni, likarudiwa sokoni, likaimbwa na vijana wa chama. Agosti 1992, Nguz alipopoteza uwaziri mkuu na Étienne Tshisekedi kuupata, Likasi ililipuka. Machi 1993 ikafuata Kolwezi. Watu mamia ya maelfu walifukuzwa majumbani mwao, wakalala kwenye stesheni za reli wiki baada ya wiki wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Wengi walikufa kwenye stesheni hizo na ndani ya mabehewa kwa njaa, kipindupindu na surua. Wakati huo hapakuwa na simu mkononi. Neno lilitembea kwa miguu, na bado lilifika.

Leo neno hilo halihitaji mkutano wa hadhara. Fungua mjadala wowote kuhusu vijana wanaoshuka treni kutoka Kasai kutafuta kazi hapa mjini, utalikuta, pamoja na ndugu zake wa upande wa pili, maana Mkatanga naye ana matusi yake anayotukanwa. Ugomvi wa uraia umezidisha moto. Tangu Julai 2021, ulipowasilishwa bungeni muswada uliotokana na hoja ya Noël Tshiani, kwamba urais uwe wa mtu ambaye baba na mama wote ni Wakongo, suala la nani ni wa hapa na nani si wa hapa limekuwa silaha ya bei rahisi kuliko zote. Ilianza kwa kumlenga Moïse Katumbi, mtu mwenye mali, wanasheria na ndege. Sasa inamlenga mwalimu wa Ruashi aliyeandika kwamba hajalipwa mshahara.

Na tusijidanganye kwamba jina kubwa ni ngao. Julai 2020 Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, aliyepata Nobel ya Amani mwaka 2018, aliandika kwenye Twitter kulaani mauaji ya raia huko Kipupu, Kivu Kusini, akadai tena kwamba wenye makosa washitakiwe. Vitisho vya kifo vikamiminika kwenye mitandao na kwa simu, dhidi yake na familia yake. Mwezi Agosti Michelle Bachelet, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, alilazimika kutoa tamko kuomba alindwe, na Septemba walinzi wa MONUSCO wakarudishwa Panzi. Mshindi wa Nobel alihitaji walinzi wa Umoja wa Mataifa mlangoni kwa sababu alisema lililo wazi. Yule mwalimu wa Ruashi atamwita nani?

Kuna aliyeita na hakuitikiwa. Profesa Meareg Amare alifundisha kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia. Alikuwa Mtigray anayekaa katika mji wa Waamhara, katikati ya vita. Oktoba 2021 jina lake na picha yake viliwekwa kwenye Facebook pamoja na tuhuma na maneno ya kuchochea auawe. Mwanawe, Abrham, aliripoti machapisho hayo kwa kampuni akaomba yaondolewe. Tarehe 3 Novemba 2021 baba yake alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Abrham na wenzake walifungua kesi dhidi ya Meta, yenye Facebook, katika Mahakama Kuu ya Nairobi mwezi Desemba 2022, na Aprili 2025 mahakama hiyo ikaamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza, ingawa kampuni ilisema kesi haiwahusu majaji wa Kenya. Profesa huyu hakuwa hata ametoa maoni. Lakini njia iliyompeleka kaburini ni ile ile inayotumika kwetu: jina, picha, mahali anapokaa, na umati ulioambiwa kwamba huyu si mwenzenu.

Sasa, mtu wa Lubumbashi akipewa vitisho namna hiyo, sheria inasema nini? Inasema mengi. Tangu tarehe 7 Juni 1966 tuna sheria inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila. Kanuni ya adhabu ina vifungu vya kashfa na matusi. Na tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna Code du numérique, ambayo kifungu chake cha 359 kinamtaja waziwazi anayemnyanyasa mtu kwa njia ya kompyuta au mtandao huku akijua kwamba anamvurugia utulivu wake: kifungo cha mwezi mmoja hadi miaka miwili, faini ya faranga 500,000 hadi 10,000,000, au moja ya adhabu hizo. Hatuna njaa ya sheria.

Kifungu kinachofuata, cha 360, ndicho chenye shida. Hicho kinamwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu: mwezi mmoja hadi miezi sita. Kwa kukisoma tu mtu atasema ni kizuri. Lakini nani anaamua kwamba habari ni ya uongo? Mara nyingi ni yule aliyekasirika, na mwenye kukasirika kwa faida ni mwenye cheo. Stanis Bujakera, mwandishi wa Jeune Afrique na wa Actualite.cd, alikamatwa uwanja wa ndege wa N'djili tarehe 8 Septemba 2023 kwa sababu ya makala kuhusu kifo cha mwanasiasa Chérubin Okende, makala ambayo hata haikuwa na jina lake. Waendesha mashtaka walijishughulisha na ujumbe wa Telegram na WhatsApp kama vile nchi nzima ingeanguka kwa ujumbe mmoja, na kati ya sheria zilizotumika dhidi yake ilikuwamo hiyo hiyo ya kidijitali. Machi 2024 alihukumiwa miezi sita, ambayo alikuwa amekwisha kuimaliza katika gereza la Makala, akatoka siku iliyofuata.

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha mwisho wa njia hiyo. Stella Nyanzi, mtafiti wa Makerere, aliandika shairi la ukali dhidi ya Rais Museveni mwaka 2018, akaliweka Facebook. Agosti 2019 alihukumiwa miezi 18 kwa kosa la unyanyasaji wa mtandaoni. Msomaji arudie sentensi hiyo polepole: rais mwenye jeshi, polisi na redio ndiye aliyeandikwa kuwa mnyonge aliyenyanyaswa, na mwanamke mwenye simu ndiye aliyekuwa mnyanyasaji. Mahakama Kuu ilimwachia Februari 2020. Shairi lilikuwa chafu, sisi tusingelichapisha. Hilo halibadilishi kitu.

Kwa hiyo hatuombi adhabu mpya wala sheria nyingine yenye jina refu. Tunaomba iliyopo igeuzwe uso: imtazame anayetishwa badala ya kumlinda anayekosolewa. Bunge likiwa na saa moja ya ziada, litazame upya kifungu cha 360 na kukifunga kwa maana iliyo wazi, ili mwandishi au raia aliyesema kwa nia njema asilale gerezani kwa sababu mkubwa amechukia. Ibara ya 23 ya Katiba ya 2006 inampa kila mtu haki ya kutoa maoni yake. Haina kipengele kinachosema haki hiyo ni ya wasiokuwa na maadui.

Tutajibiwa kwamba vijana wa mtandaoni hawapatikani, wanatumia majina ya uongo, vifaa hakuna. Wananchi wanayo kumbukumbu. Mwaka 2020 Serikali ilianzisha RAM, ile tozo ya kuandikisha simu, na ghafla ikaweza kuitambua kila simu nchini, hata ya mama muuza mboga wa soko la Kenya hapa mjini, ikamkata uniti zake bila kumwuliza. Ilifanya hivyo mpaka kelele zilipozidi ikafutwa mwaka 2022. Tena, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ilizimwa kwa karibu wiki tatu. Dola inayoweza kuihesabu kila simu ili ipate faranga, na kuzizima zote ili ipate usingizi, haiwezi kutuambia kwamba imeshindwa kumjua mwenye namba moja iliyotuma odio ya kumtisha mwanamke wa Kampemba. Namba za simu zimeandikishwa kwa majina. Kinachokosekana ni mtu ofisini mwenye nia ya kuuliza.

Tumesema mwanamke, na hapo tukae kidogo. Mwanamume akisema upuuzi mtandaoni anaambiwa kwamba amesema upuuzi. Mwanamke akisema la maana anaulizwa ameolewa na nani. Akiwa mwandishi wa habari au mgombea, picha yake inaunganishwa na mwili wa mtu mwingine, inapita katika makundi ya WhatsApp usiku mmoja, na kesho yake anayetakiwa kujieleza mbele ya wakwe ni yeye. Wengine wanaacha kazi. Wengine wanabaki na kazi lakini wanaacha kutaja majina, na hilo ndilo lililotakiwa. Mwaka 2022 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha azimio namba 522 likizitaka nchi ziwalinde wanawake dhidi ya ukatili wa kidijitali. Kongo imeridhia Mkataba wa Afrika uliounda chombo hicho. Lakini kwenye ofisi ya polisi, mwanamke anayekwenda kulalamika mara nyingi anaulizwa kwanza kwa nini alijipiga picha. Viongozi wa polisi wa jimbo wanaweza kulifuta swali hilo kwa waraka wa ukurasa mmoja, na hauhitaji bajeti.

Kampuni za mitandao nazo zisijifiche nyuma ya Serikali yetu. Kwa miaka kadhaa kazi ya kuchuja machapisho ya Facebook kwa sehemu kubwa ya Afrika ilifanywa Nairobi na vijana walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama. Daniel Motaung, mmoja wao, aliishitaki Meta na mwajiri wake mwaka 2022 kwa mazingira ya kazi, na mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao. Hata wangelipwa vizuri, bado lingebaki swali la lugha. Kiswahili cha Lubumbashi kinachanganyika na Kifaransa, Kiluba na Kibemba ndani ya sentensi moja, na tusi letu zito linaweza kupita mbele ya mashine kama jina la mdudu wa kawaida. Anayeripoti anajibiwa kwamba chapisho halivunji kanuni. Kampuni inayouza matangazo kwa watu wa Haut-Katanga iajiri watu wanaoelewa Haut-Katanga inasema nini.

Lakini kabla ya California, tuanze na makundi yetu wenyewe. Kundi la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024. Hilo si barza ya nyumbani, ni mkutano wa hadhara, na tangu 2022 msimamizi amepewa uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Makundi ya wanafunzi wa zamani wa UNILU, ya parokia, ya watu wa wilaya moja, ya wafanyakazi wa mgodi mmoja: wengi kati ya wasimamizi wake ni watu wa heshima, baba na mama za watu, na wengi wanaona namba na nyumba ya mtu ikitupwa katikati ya kundi na kukaa kimya kwa sababu aliyeitupa ni yaya yao, au kwa sababu wao wenyewe hawampendi anayeshambuliwa. Anayeisambaza picha ya skrini "ili watu wajionee" naye ameshiriki. Kusema umetumiwa tu si utetezi, kidole kilichobonyeza ni chako.

Vyama vya siasa vina deni kubwa zaidi. Kiongozi anayejua jina la kila kijana anayempigia makofi anajua pia nani anamtukania watu. Tungependa kumsikia mmoja wao, wa chama tawala au wa upinzani, akimkemea kijana wake hadharani, na kwa jina lile analotumia mtandaoni. Mpaka leo wanakemea tu vijana wa wenzao.

Kwa aliyekwisha kuanza kuandamwa, machache ya matumizi. Usijibu usiku huo. Usifute kitu, piga picha kila tishio, likionyesha namba, tarehe na saa, hifadhi odio zenyewe, mpe nakala mtu unayemwamini nje ya simu yako. Waambie watu wa nyumbani, hata kama unaona aibu, kwa sababu wao ndio watakaofungua mlango. Ondoa kwenye ukurasa wako picha zinazoonyesha shule ya watoto na njia ya kazini. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp kabla hawajakuibia akaunti wakaanza kutukana kwa jina lako. Kisha nenda parketi, ofisi ya mwendesha mashtaka, na mashahidi wawili, si peke yako, na udai namba ya malalamiko. Ukiambiwa uende kwanza kwa kampuni ya simu, uliza kifungu gani kinasema hivyo.

Na kwa parketi ya Lubumbashi tuna ombi moja. Kila baada ya miezi mitatu itangaze ni malalamiko mangapi imepokea chini ya kifungu cha 359, mangapi yamefanyiwa uchunguzi, mangapi yamefika mahakamani. Na kando yake, ni mangapi ya kifungu cha 360, na yaliletwa na watu wa cheo gani. Hatuhitaji majina. Safu mbili za tarakimu zinatosha, na hata kama safu ya kwanza itakuwa na sifuri tupu, tutaichapisha kwenye ukurasa huu kama ilivyo.